Tingatinga: Kibarua wa mkonge aliyeacha jina lisilofutika kwa rangi ya baiskeli

Litaje neno tingatinga hadharani nchini Kenya na wengi watawaza trekta. Wenye kumbukumbu za siasa watarejea miaka ya 1990, wakati chama cha NDP kilipotumia trekta kuwa nembo yake na kiongozi wake, hayati Raila Odinga, akabandikwa lakabu ya Tinga.

Hata hivyo, katika masoko ya vinyago na kazi za mikono jijini Nairobi, Mombasa na kisiwani Unguja, neno lilo hilo lina maana nyingine. Humo, tingatinga ni picha: chui wa madoadoa aliyekodoa macho, tembo aliyeujaza ubao mzima, au tausi aliyetandaza mkia wake juu ya rangi inayong'aa kama sahani iliyooshwa.

Wanunuzi wengi hudhani kwamba hilo ni jina la mtindo tu, kama vile batiki au kikoi. Ni wachache wajuao kuwa Tingatinga alikuwa mtu, aliyelirithi jina hilo kutoka kwa baba yake, akalitia kwenye kazi zake kwa muda wa miaka minne hivi, kisha akauawa kwa risasi akiwa na umri wa takriban miaka 40.

Maisha yake yanastahili kusimuliwa upya kwa kuwa yanagusa swali ambalo lingali linawasumbua wasanii wa Afrika Mashariki. Mtu akibuni jambo, nalo jambo hilo likapendwa na ulimwengu mzima, ni nani hasa anayestahili kula matunda yake?

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mnamo 1932 katika kijiji cha Namochelia, ambacho baadaye kilikuja kuitwa Nakapanya, wilayani Tunduru, kusini mwa nchi iliyojulikana wakati huo kama Tanganyika. Eneo hilo liko karibu na mpaka wa Msumbiji.

Majina yake mawili ya kwanza yalibeba historia ya nyumba yao. Mamaye, Agnes, alikuwa Mkristo wa kabila la Wamakua, ilhali babaye, Saidi, alikuwa Mwislamu wa kabila la Wangindo. Mtoto akaitwa Edward kwa upande mmoja na Saidi kwa upande mwingine, na kwa jinsi hiyo akakulia baina ya kanisa na msikiti bila ya kulazimika kukana hata kimoja.

Wazazi wake walikuwa wakulima wa jembe la mkono, na nyumba yao ilijua uchochole. Naye Edward hakusoma sana. Alichokipata kwa wingi ni maarifa ya mazingira yake, kwani Tunduru ni ardhi ya tembo, simba, nyati na chui. Upande wake wa kaskazini ndiko lilikoenea pori kubwa la Selous, na watu wa huko wamezoea kuilinda mimea yao dhidi ya wanyama usiku na mchana.

Jambo hili si dogo. Wahakiki wengine waliokuja baadaye walimdhania kuwa mtu wa mjini aliyewachora wanyama kwa kuwaridhisha watalii tu. Ukweli ni kwamba wanyama hao walikuwa majirani wa utoto wake muda mrefu kabla hajakutana na mtalii yeyote.

Kama vijana wengi wa kusini, Edward alilazimika kuondoka kwao kutafuta riziki. Katika miaka ya 1950, alishika njia hadi mkoani Tanga, kwenye mashamba makubwa ya mkonge. Zama hizo Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoongoza ulimwenguni kwa kuuza zao hilo, na maelfu ya vibarua walisombwa kutoka mikoa ya mbali kwenda kulikata. Wenyeji waliwaita manamba, kwa sababu kila mmoja alijulikana kwa nambari aliyopewa.

Ni vigumu kupata tofauti kubwa zaidi ya hiyo katika maisha ya mtu mmoja. Alianzia mahali ambapo kibarua alihesabiwa kwa nambari, akaishia pale ambapo jina lake limekuwa kubwa kuliko yeye mwenyewe.

Kazi ya mkonge ni ya miiba, jua kali na ujira mdogo. Mwishoni mwa mwongo huo, Tingatinga aliihama Tanga na kuingia Dar es Salaam, ambako alikuwa na jamaa waliotangulia. Huko alipata kazi katika nyumba ya afisa mmoja Mwingereza, akiwa mtumishi wa nyumbani na mtunza bustani.

Tanganyika ilipopata uhuru mnamo Desemba 1961, maafisa wengi wa kikoloni walifunga virago. Kwa taifa, hiyo ilikuwa furaha isiyo kifani. Kwa mtumishi wa nyumba ya Mzungu, kuondoka kwa mwajiri kulimaanisha pia kupotea kwa mshahara, na Tingatinga akajikuta akihangaika tena.

Katika miaka iliyofuata, alifanya kila kazi iliyoweza kumpa mkate wake wa kila siku. Alishika vibarua, akafuma mapambo ya vitambaa, na akajulikana pia kwa muziki miongoni mwa watu wa kwao waliokuwa wakiishi Msasani, mtaa ambao wakati huo ulikuwa bado na sura ya kijiji kandokando ya bahari.

Mikono iliyokuwa ikitia nakshi vitambaa na kupiga ala haikuwa mbali na brashi. Kilichosalia kilikuwa ni sababu ya kuishika.

Sababu hiyo ilipatikana mnamo 1968. Husimuliwa kwamba wakati huo wachoraji kutoka Congo walikuwa wakizungusha picha zao katika mitaa ya Dar es Salaam na kupata wateja miongoni mwa wageni. Tingatinga aliziangalia picha hizo, akaona jinsi zilivyonunuliwa, akaamini kuwa hata yeye angeweza kuchora na kuuza.

Wapo watafiti wanaoikataa simulizi hiyo, au angalau wanaoiona kuwa pungufu. Hao huashiria desturi ya watu wa kusini ya kuchora juu ya kuta za nyumba za udongo. Karl Weule, msomi Mjerumani aliyezuru eneo hilo mwaka 1906, alikusanya michoro ya wenyeji wa huko zaidi ya miaka 20 kabla Tingatinga hajazaliwa.

Kwa hakika, hakuna haja ya kuchagua upande mmoja na kuutupa mwingine. Mtu anaweza kulibeba jicho la kuta za kwao na wakati huohuo akajifunza sokoni kwamba picha ina bei. Wakongomani huenda walimwonyesha biashara, ila chui waliotoka mkononi mwake hawakufanana na picha za Wakongomani.

Kilichomtenga Tingatinga na wachoraji wengine wa wakati wake ni vifaa vyake. Katika miaka hiyo, sanaa ya uchoraji Afrika Mashariki ilikuwa na wasomi wake. Sam Ntiro, Mtanganyika mwenzake, alikuwa amesomea Makerere na kisha London. Elimo Njau, naye mwanafunzi wa Makerere, alikuwa amechora picha za ukutani katika kanisa la Murang'a na kuasisi kituo cha Paa ya Paa jijini Nairobi mnamo 1965.

Hao walijua turubai, rangi za mafuta za wachoraji, na majina ya mabingwa wa Ulaya. Tingatinga hakuwa na chochote katika hivyo. Alikwenda katika duka la vifaa vya ujenzi, sawa na fundi yeyote.

Badala ya turubai, alinunua hadibodi, yaani ubao mwembamba wa kushindiliwa ambao mafundi waliutumia kutengeneza dari za nyumba. Ubao huo una upande laini na upande mkwaruzo. Ulikuwa rahisi kukatwa, na hata fundi maskini aliweza kuumudu.

Aghalabu aliukata vipande vya mraba vya futi mbili kwa mbili, yaani sentimita 60 hivi kila upande. Ubao wa futi nne kwa nane ukikatwa hivyo hutoa vipande vinane pasipo na chembe ya kutupwa. Umbo la mraba ambalo wahakiki wamelisifu kwa utulivu wake huenda lilizaliwa na hesabu ya mtu asiyetaka kupoteza ubao wake.

Rangi nayo ilikuwa ile ya mkebe, inayong'aa, waliyoitumia watu kupaka baiskeli na milango. Rangi hiyo ina masharti yake. Ni nzito, hukawia kukauka, na mchoraji akiwa na pupa huivuruga, kwani rangi mbichi ikikutana na mbichi nyingine huchanganyika na kuharibu mpaka wa umbo.

Kwa hiyo, kazi ilibidi iende kwa hatua. Kwanza ubao ulipakwa rangi moja ya usuli na kuachwa ukauke. Kisha ulichorwa mwili wa mnyama kwa mstari usiotetereka, ukajazwa rangi na kuachwa tena. Mwisho yalikuja madoa, manyoya, kucha na macho. Kila doa la chui lilikuwa ni tone la brashi lililowekwa mahali pake kwa subira.

Ufundi huo ndio uliozaa sura ya picha zake. Hazina kivuli wala kina cha mbali, na mnyama husimama mbele ya mtazamaji pasipo na kitu cha kumficha. Mara nyingi ni mmoja tu, mkubwa, amejaa kutoka ukingo hadi ukingo, huku tawi au ndege wawili watatu wakiziba nafasi iliyobaki. Anayezitazama leo, baada ya kuzoea picha za masokoni zilizosongamana wanyama kumi na mlima Kilimanjaro juu yake, hushangaa kuona jinsi bwana huyo alivyokuwa mchache wa maneno.

Soko lilikuwa karibu. Katika mtaa wa Oysterbay, ambao tangu enzi ya ukoloni ulikuwa makao ya Wazungu, palikuwa na duka la Morogoro Stores, mahali walipofika wageni kununua mahitaji yao. Nje ya duka hilo ndipo picha zilipopangwa na kuuzwa.

Muuzaji alikuwa mkewe, Agatha Mataka. Historia za wasanii huwasahau watu wa aina yake, lakini ni dhahiri kwamba pasipo na mtu wa kukaa kwenye jua, kuzungumza na wateja na kurudi jioni na fedha ya kununua mkebe mwingine wa rangi, kazi hiyo isingefika mbali. Mume alichora, mke akauza, na riziki ya nyumba ikategemea mikono minne.

Biashara ilipochanganya, Tingatinga hakuifungia ndani. Aliwaita jamaa zake na vijana wa kutoka kwao kusini akawafunza. Miongoni mwa wanafunzi wake wa mwanzo walikuwamo Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Casper Tedo na ndugu yake Simon Mpata.

Hawakuwa na darasa wala cheti. Walikaa pamoja, wakatazama, wakaiga, na hatimaye kila mmoja akaanza kuonyesha mkono wake. Ni mtindo wa kujifunza ambao mafundi wa jahazi na wachonga milango wa Pwani wanaufahamu fika.

Nchi nayo ilikuwa katika mageuzi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limeweka mashirika ya umma katikati ya uchumi, na hata sanaa ilipata shirika lake la kitaifa. Shirika hilo lilianza kununua kazi za Tingatinga, na mnamo 1971 picha zake zikaonyeshwa katika maonyesho ya Sabasaba jijini Dar es Salaam, ambako zilipendwa mno.

Hapo mchoraji wa kando ya duka alianza kutambuliwa na taifa lake. Hata hivyo, hakuwa tajiri. Kwa muda fulani alikuwa pia mfanyakazi wa kawaida katika hospitali ya Muhimbili, na uchoraji ukabaki kuwa kazi ya saa zilizosalia. Picha walizozitundika wageni sebuleni mwao zilichorwa na mtu ambaye bado alihitaji ajira nyingine ili familia yake ipate chakula.

Kisha ukaja mwaka wa 1972. Tingatinga alikuwa ndani ya gari jijini Dar es Salaam wakati polisi walipokuwa wakiwasaka wahalifu. Gari hilo likadhaniwa kuwa la wahalifu hao, risasi zikafyatuliwa, na mchoraji akapoteza maisha yake kwa kosa ambalo halikuwa lake.

Hivyo ndivyo alivyokatizwa mtu aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kuonja matunda ya jasho lake. Alimwacha Agatha na watoto wawili wadogo, Daudi na Martina. Miaka yote ya uchoraji wake haikufika mitano.

Kwa wasanii wengi, mauko ya namna hiyo huwa ndio mwisho wa habari. Picha chache hubaki mikononi mwa wageni, wageni hurudi makwao, na jina husahaulika. Kwa Tingatinga mambo yalikwenda kinyume, na sababu yake ni wale vijana aliowafunza.

Wanafunzi hao hawakutawanyika. Waliendelea kuchora palepale Oysterbay, wakawaita jamaa wengine, nao hao wakawaita wengine. Kazi yao wakaipa jina la mwalimu wao. Mnamo 1990, kundi hilo lilisajiliwa rasmi kuwa chama cha ushirika cha sanaa ya Tingatinga.

Mmoja wa wale wa mwanzo, Simon Mpata, aliuleta mtindo huo nchini Kenya. Picha zake zilipata wapenzi wengi nchini Japani, kiasi kwamba hoteli moja ya kitalii katika mbuga ya Maasai Mara ilipewa jina lake. Mgeni anayelala huko akiwatazama simba halisi huenda asijue kwamba jina la hoteli yake linatokana na shule ya uchoraji iliyoanzia kando ya duka la vyakula.

Kadiri wachoraji walivyoongezeka, picha nazo zikabadilika. Mashetani yaliingia, kisha vijiji, masoko, hospitali na umati wa watu. Usuli wa rangi moja ukapisha rangi zinazofifia kama anga ya machweo. Mwaka 2010, mtindo huo ulifika katika runinga za watoto kupitia vibonzo vya Tinga Tinga Tales, vilivyotengenezwa jijini Nairobi na kuonyeshwa na shirika la BBC.

Mafanikio hayo yana upande wake mchungu. Jina likishakuwa la kila mtu, mwenye nalo huwa hana ulinzi. Picha zilizochorwa kwa haraka huuzwa kwa jina la Tingatinga na watu ambao hawajui alikuwa nani. Nyingine hughushiwa na kutiwa saini yake, kwa kuwa kazi halisi za mkono wake ni chache na thamani yake imepanda maradufu tangu enzi zilipouzwa kwa vishilingi nje ya duka.

Nyingi kati ya kazi hizo halisi zilinunuliwa na wageni na kusafirishwa ng'ambo. Mwanafunzi wa sanaa wa Nairobi au Dar es Salaam anayetaka kuziona kwa macho yake ana kibarua kigumu, ilhali anaweza kununua nakala ya nakala yake kila kona ya mji.

Familia yake nayo iliachiwa jina pasipo na hazina. Mwanawe Daudi alikuja kuwa mchoraji, akaishika brashi kama babaye, lakini ilimbidi aanze kwa mikono yake mwenyewe, kama mchoraji mwingine yeyote.

Je, lingekuwa jambo la busara zaidi iwapo Tingatinga angeuficha ujuzi wake? Wapo watakaosema kuwa angelinda haki yake na ya wanawe. Ila hesabu ya mambo yalivyotokea inaonyesha vingine. Alifariki ghafla, bila ya kitabu alichoandika, bila ya shule aliyoijenga, bila ya akiba. Kama ujuzi ule ungekuwa wake peke yake, ungezikwa pamoja naye mwaka 1972.

Kilichomwokoa asisahaulike ni ukarimu wake. Mamia ya familia zimelisha na kusomesha watoto kutokana na ubao wa dari na mkebe wa rangi ya baiskeli, kwa sababu mtu mmoja alikubali wenzake wamtazame anapofanya kazi.

Deni lililobaki si la wanafunzi wake. Ni la masoko, wachapishaji na wafanyabiashara wanaolitumia jina hilo pasipo na kumtaja mwenyewe, na la serikali za kanda hii ambazo zimechelewa kuwalinda wasanii wao wangali hai. Mgala muue na haki yake mpe, walisema wahenga. Haki ndogo kabisa ambayo mnunuzi wa picha ya chui mwenye madoa anaweza kumpa ni kujua kwamba aliishi mtu aliyeitwa Edward Saidi Tingatinga, mwana wa Agnes na Saidi, kutoka Tunduru.